Jini Aliyekufa Sura ya Tatu

Nakumbuka msimu mmoja wa kulinda ndege, mwanangu, tulipokuwa tumehamia shambani ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, mpunga umeanza kutia maziwa. Baba alikuwa mgonjwa, tumbo limemvimba, lakini nani angebaki naye Ifakara wakati majirani wote wako mashambani? Tukamlaza kibandani karibu na dungu langu, jukwaa la miti la kulindia mpunga, anisikie nikiwafukuza ndege.

Chakula kilikuwa hakipiti. Uji akiuonja, anageuza uso. Ndipo nikaanza kumsomea kitabu nilichoazima kwa rafiki yangu wa Lumemo, hadithi ya mpishi mwoga aliyepanda sufuria lenye mabawa kwenda kuzitafuta ndevu za mfalme zilizoibwa na jini. Baba alicheka, mwanangu. Alicheka huku ameshika tumbo, na katikati ya kicheko mama akampenyezea vijiko vya uji. Ikawa ndiyo desturi yetu: ndege wakitulia mchana, mimi nasoma, mama analisha.

Kaka Deo akaja kutoka chuoni kutusaidia. Alikuwa na akili nyingi, na kwa haki hakukosea hata neno: jini aliyekufa sura ya tatu alikuwa anakula ugali sura ya saba, na zile ndevu zilibadilika rangi kila mwandishi alipojisikia. Akasema kitabu chenyewe ni upuuzi, nimsomee mgonjwa kitu cha maana.

Baba akajiinua kwa kiwiko.

"Deo, hata mimi najua yule jini alishakufa. Nilipomwona amerudi nilifurahi. Mimi nikienda sirudi. Mwache mdogo wako asome."

Kaka akaketi chini, nami nikaendelea kusoma.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Baba alitutoka kabla ya mavuno, zikiwa zimebaki sura mbili. Tulipomaliza kuzika tukarudi shambani, maana ndege hawajui msiba. Kaka akapanda dunguni, akaniomba nimalizie. Nikasoma. Mpishi alipotumbukia kwenye mchuzi wake mwenyewe, mahali pa kuchekesha kuliko pote, kaka aliweka kombeo chini akalia kama mtoto. Ndege walikula mpunga wetu siku ile, na hakuna aliyewafukuza.

Mwisho wa kitabu ulikuwa mbovu kweli, sikufichi. Lakini kizuri hakikosi ila, na ukipenda boga upende na ua lake. Mwanangu, ukimkuta mtu anakifurahia kitabu, kasoro zake zione, hata uzitaje siku nyingine. Kwanza mtazame anayecheka, ukae karibu naye, ucheke naye angali yupo.

Mungu akujalie macho makali na moyo mwepesi, na siku utakayoshindwa kuinuka, asikukoseshe mtu wa kukusomea.