Udongo Niliouita Safi

Siku maji ya kisima chetu yalipoanza kunuka oili, mama alikwenda kumuuliza fundi wa gereji tunayopakana nayo hapa Matisi. "Mama, hiyo maji si uwashie jiko tu, bana," fundi alimjibu, na wateja wake wakacheka. Mama alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Moyo wangu ulibaki pale langoni, ukinoa kisu.

Binamu yangu anafanya kazi katika maabara Bungoma. Anatafuta vijidudu vya udongoni vinavyokula sumu. Huvilisha oili yenye kaboni nzito kuliko ya kawaida. Vinavyoila huwa vizito hadi kwenye jeni. Mashine huzungusha jeni hizo hadi nzito zijitenge na nyepesi, ndipo asome ni za nani. Palipo na walaji wengi, aliniambia, oili imekaa sana. Nikaona nimepata mashahidi wasiohongwa.

Aliniagiza udongo wa mtaro wa gereji, wa kando ya kisima, wa katikati ya hapo, na mwingine safi kabisa wa kulinganisha. Huo safi niliuchota chini ya ua wetu wa nguzo za miti, nikaandika hivyo kwenye mkebe. Nilifunga mikebe kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani. Akilini nilishamwona fundi amesimama mbele ya chifu, mama akimtazama tu.

Baada ya majuma mengi binamu alipiga simu. Mtaroni walaji walikuwa wengi. Kati ya mtaro na kisima, hakuna. Kisimani walikuwepo, wa aina ile ile iliyojaa kwenye udongo wangu safi.

"Dada, huo ua mliupaka nini?"

Kila mwaka kabla ya mvua nilipaka nguzo oili chafu kuzuia mchwa. Niliinunua kwa fundi yuleyule, na iliyobaki niliimwaga kwenye mashimo ya nguzo, hatua tatu kutoka kisimani.

Mama aliposikia, alisema niende nimwambie fundi, kwa kuwa nilikuwa nimemtangaza hadi sokoni kwamba maabara itathibitisha ndiye aliyechafua kisima. Nikakataa. Kile kicheko hakikutoka kwenye nguzo zetu.

Asubuhi nilichukua jembe nikaanza kung'oa ua. Fundi akaja, akasimama upande wake, akauliza kama maabara imejibu. Nguzo ya kwanza ilitoka ikiwa nyeusi hadi chini, na harufu ikatupanda puani sote wawili.

"Imejibu," nikasema.

Alingoja nimtukane au nimwombe radhi. Nikaishika nguzo ya pili.