Ugoro wa Wazee wa Ruiru

Tangu daktari amkataze ugoro, Wakonyo hatulii. Anaketi kwenye kibanda chake katika soko la Makongeni, anainuka, anapanga upya vikopo vilivyokuwa vimepangwa, anafuta kinu kisicho na kitu. Mkono wa kulia unapanda puani wenyewe, naye anaurudisha mfukoni mwa aproni. Ni presha. Daktari alimwambia aache, na Wakonyo akamwahidi binti yake Beth, papo hapo hospitalini, kwamba hatanusa tena.

Lakini ugoro ndio kazi yake. Anasaga majani ya tumbaku yaliyokauka, anatia magadi, anasaga tena hadi yawe laini. Hakuna kipimo cha kudumu, kwa sababu majani ya gunia moja huwa makali kuliko ya lingine, na magadi yakikaa penye unyevu hupoa. Miaka yote kipimo kilikuwa pua yake. Alinusa kidogo, akangoja, akajua.

Sasa alikuwa amefungua gunia jipya, na Ndung'u, mteja wake wa zamani kutoka Ruiru, alikuwa amempigia simu. Jumamosi wazee wa upande wa mvulana wangekuja nyumbani kwake kwa ruracio, kuzungumzia mahari ya binti yake.

"Wakishanusa ndipo tutaongea, Mama Beth," alisema. "Na huyo msemaji wao ni mtu wa kununa. Ugoro ukiwa mwepesi atasema tumempa vumbi. Ukizidi ukali, watakohoa mpaka chai ipoe. Nakutegemea."

Wakonyo hakumwambia kwamba ameacha. Alisaga, kisha akaanza kutafuta pua za kuazima.

Wa kwanza alikuwa Gachau, fundi viatu wa kibanda cha mkabala. Alivuta, akapiga chafya mfululizo hadi nyundo ikamponyoka.

"Ngai! Huu ni moto, Mama Beth. Usiguse kitu hapo."

Nekoye, anayeuza mboga, hanusi. Huweka ugoro chini ya mdomo. Aliuonja, akatema kando.

"Huu ni wa watoto. Haujanichoma hata fizi."

"Gachau amesema ni moto."

"Gachau akipita karibu na pilipili anapiga chafya. Mwache huyo."

Wakonyo akaongeza magadi. Nekoye akaridhika. Odhiambo, mlinzi wa ghala la mahindi, alipoonja huo mpya, machozi yalimtoka, lakini akatikisa kichwa.

"Unauma macho tu, mama. Ugoro mkali unakushika hapa," akagusa utosi, "mpaka unatafuta ukuta wa kuegemea."

Wakonyo akatia tumbaku zaidi, akaitwanga harakaharaka, akamrudia Gachau. Safari hii Gachau hakupiga chafya hata moja.

"Umeuharibu. Umekuwa mwepesi."

"Mwepesi vipi na nimeongeza tumbaku?"

"Pua yangu ndiyo inasema, si mimi. Kwani wewe mwenyewe unauonaje?"

Wakonyo aligeukia vikopo vyake. "Nimeacha."

"Umeacha? Na sisi unatuuzia?"

Nekoye alicheka hadi akashika meza. "Ndiyo maana siku hizi unazunguka hapa kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Ijumaa jioni bado hakuwa na jibu. Nyumbani alifungua kikopo, akachukua ugoro kidogo kwa vidole viwili. Harufu ikamfikia, mate yakamjaa mdomoni. Ingekuwa mara moja tu, na angejua. Beth alikuwa akipiga pasi.

"Mami, huo ni wa nani?"

"Wa wazee."

"Basi uwangoje wazee."

Aliurudisha kikoponi, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Kisha akafunga kikopo hicho, kinu kidogo, tumbaku na magadi, kila kimoja peke yake, akampigia Ndung'u kumwambia atauleta mwenyewe.

Jumamosi alikuwa jikoni kwa Ndung'u, Ruiru, akisimama na kuketi, mpaka wanawake wakamwomba awapishe wapakue. Ndung'u akaingia, uso umekunjamana.

"Msemaji amenusa, amenuna, na hasemi kitu. Tumekwama."

Wakonyo alishika mlango. Kumuuliza mzee kama ugoro ni mkali kungemletea jibu lingine kama la Gachau. Aliingia sebuleni, akainama mbele ya msemaji.

"Guka, unakushika wapi? Puani, machoni, au kichwani?"

Wazee walitazamana. Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo.

"Machoni," msemaji alisema hatimaye. "Kichwani haujafika."

"Mkali ni wa puani!" mzee wa kando yake aliruka. "Usipopiga chafya umenusa nini?"

"Wewe unapenda vumbi tu."

"Na wewe unataka kulewa kwenye ruracio ya watu!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko, hata mvulana mwenyewe aliyekuwa ameinamisha kichwa akatabasamu.

Wakonyo alikuwa ameshatoka. Barazani alipunguza magadi, akaongeza tumbaku, na safari hii akaisaga polepole hadi ikawa laini kabisa. Akampelekea msemaji ugoro huo. Hakuutazama ugoro, alimtazama mzee: macho yake makavu, halafu mabega yakilegea taratibu, halafu mkono ukitafuta ukingo wa kiti aegemee.

Msemaji alivuta pumzi ndefu, akamgeukia Ndung'u.

"Haya. Tumekuja hapa kwa sababu kuna mbuzi jike mchanga tuliyemwona kwenu."

Ndung'u, akijua mbuzi huyo ni binti yake, akasogeza kiti chake mbele kumsikiliza. Yule mzee wa chafya akamvuta Wakonyo kwa upindo wa leso, akamnong'oneza kwamba ugoro wake yeye bado.

"Puani tu, Guka, au na machoni kidogo?" Wakonyo alimuuliza, na kinu kilikuwa tayari mkononi.