Kiti cha Kipkemoi

Tecla Nyabate hafungui sanduku la spana kabla ya kuuliza maswali. Ukimletea pampu, jenereta au pikipiki yenye kikohozi, atakukalisha kwenye ndoo mbele ya kibanda chake pale Chepseon akuhoji kama polisi: nani aliitumia mwisho, ilikuwa inafanya nini, ilitoa sauti gani. Mafundi wengine wa sokoni humcheka. Hata mimi nilimcheka miaka ya kwanza, kisha nikaona mashine walizoshindwa nazo zikifika kwake moja moja. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, baba yake akiwa mchuma chai aliyetoka upande wa Kisii, na ufundi aliupata kwa kuchungulia gereji ya trekta mpaka wakachoka kumfukuza. Mimi ni Kiptum, mtu wa bodaboda. Kazi yangu ni kumbeba yeye na sanduku lake, na kunyamaza. Hilo la kubeba naliweza.

Jumamosi moja mwezi wa Machi tuliteremka kuelekea Kipkelion kwenye ukungu mzito, hata saa mbili asubuhi nilikuwa nimewasha taa. Tulikuwa tumeitwa na Chepngetich, mjane wa Kipkemoi. Mumewe alifariki Februari akilima shamba la mahindi kwa trekta yao ndogo nyekundu. Daktari alisema ni moyo, na hilo watu walilikubali. Kilichowatisha ni namna alivyopatikana. Kipkirui, mdogo wake, alimkuta amelala kwenye udongo, na trekta iko mbele kabisa, inaendelea kulima peke yake kuelekea kwenye chai, mstari umenyooka kama wa rula. Akaikimbilia, akazima ufunguo. Tangu siku hiyo haikuwaka tena.

Mafundi watatu walikuwa wamekuja wakashindwa. Betri ilikuwa mpya, dizeli mpya, stata imefunguliwa na kurudishwa. Ukizungusha ufunguo taa zinawaka, lakini stata haitoi hata mlio. Ukoo ukaamua kwamba ikifika Jumamosi hiyo bila kuwaka, Kipkirui aivute kwa ng'ombe hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa na aisukume humo. Mvua nayo ilikuwa imeanza. Majirani walishapanda, na hakuna mwenye trekta wala ng'ombe aliyekubali kulima shamba lile, hata Kipkirui mwenyewe. Lilikuwa na magugu tu, na ile sehemu marehemu aliyoanza kuilima.

Tulipofika, ng'ombe walikuwa tayari wamesimama uani na mnyororo.

"Fundi, karibu," Chepngetich alisema. "Hii ikienda, sina mahindi mwaka huu. Na watoto ni wanne."

"Mama Fancy, hiyo kitu si yetu tena," Kipkirui alimwambia shemeji yake. Hakuwa mkali. "Mwenyewe bado ameishika."

Trekta ilikuwa chini ya banda la mabati. Kuku walikuwa wanadonoa pande zote za banda lile na hakuna hata mmoja aliyeingia ndani. Kwenye kiti kulikuwa kumetandazwa kabuti la Kipkemoi, mikono yake ikining'inia kuelekea kwenye usukani. Nililigusa. Lilikuwa limelowa, ingawa bati la juu lilikuwa zima na sakafu kavu. Nilijifuta mkono kwenye suruali, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Tecla alipima betri, akaangalia fyuzi moja moja, akafuata nyaya kwa kitaa chake cha kupimia, akiimba wimbo wa kanisani kwa chini. Kila kitu kilikuwa sawa. Akaacha kuimba, akasimama akikitazama kile kiti.

"Wale mafundi walipojaribu kuwasha, walikaa wapi?"

"Kukaa?" Chepngetich alishangaa. "Walisimama tu hapa chini. Mmoja anafinya klachi na mkono, mwingine anageuza ufunguo."

"Na nyinyi?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa hivyo hakuna mtu amekalia hii kiti tangu Februari?"

"Nani atakalia kiti ya marehemu?" Kipkirui aliuliza. "Wewe ungekalia ya babako?"

Tecla aliinama akachungulia chini ya kiti. "Hizi ndogo za siku hizi si kama zile kubwa za zamani," alisema. "Chini ya kiti kuna swichi. Isiposikia uzito wa mtu, stata haiwezi kuzunguka. Haijakataa, mama. Inangoja mtu akae."

Chepngetich aliliinua kabuti mwenyewe na kulikumbatia, likamlowesha gauni. Tecla akapanda, akakaa, akageuza ufunguo. Trekta ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Mjane akalia kwa sauti. Kipkirui akacheka, akaanza kuwafungua ng'ombe, na mimi nikaona shida imekwisha.

Lakini ulimi hauna mfupa. "Kumbe!" nilipayuka. "Na ukiinuka kwa kiti je?"

Tecla alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. "Ikiwa kwenye gia, ukiinuka inazima," alisema taratibu. "Ndiyo mtu akianguka isiende mbele peke yake."

Kipkirui akauachia mnyororo. "Nionyeshe."

Tecla aliingiza gia, akaachia klachi kidogo, trekta ikasogea. Akainuka. Injini ikafa papo hapo. Akawasha tena, akainuka tena, ikafa. Mara ya tatu vilevile. Akateremka, akafungua kiti na kuichunguza swichi. Ilikuwa safi, springi yake inaruka vizuri.

"Labda siku ile ilikuwa imekwama na matope," nilisema, nikijaribu kulizoa nililolimwaga.

"Februari ilikuwa kiangazi," alijibu Tecla. Hajui kudanganya juu ya mashine, na wakati ule nilimchukia kwa hilo.

Sote tukageuka kutazama shambani. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, na ule mstari ulionekana ukitoka pale alipoangukia Kipkemoi, ukienda, ukienda, hatua zaidi ya arobaini, bila kupinda hata kidogo. Kipkirui akakaa chini kwenye tope.

"Nilidandia kwa ubavu nikafunga ufunguo," alisema. "Kiti ilikuwa wazi. Mimi niliona ni wazi. Kama alikuwa ameketi hapo, basi ni mimi nilimzima ndugu yangu."

Nilijua tumeipoteza ile trekta. Baada ya maneno kama hayo nani angeilinda isitupwe machimboni? Chepngetich alikuwa amesimama, kabuti kifuani, akiutazama ule mstari kwa muda mrefu mno.

"Si wewe, Baba Vinny," akamwambia shemeji yake hatimaye. "Siku ile aliniambia anasikia kifua. Akasema anataka kurudi nyumbani akunywe chai apumzike. Mimi nikamwambia asikanyage kwa nyumba kabla amalize hiyo sehemu. Sijawahi kuambia mtu." Akaunyooshea ule mstari kidole. "Alikuwa anamaliza vile nilimwambia."

Alilivaa lile kabuti lililolowa. Lilimfika kwenye viatu. Tecla alinyoosha mkono kumsaidia kupanda, lakini alikuwa ameshapanda. Alikaa mbele kidogo kwenye kile kiti, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, akageuza ufunguo, trekta ikawaka.

"Inatosha sasa, Kipkemoi," alisema, bila kumtazama yeyote kati yetu. "Chai iko tayari. Enda ukunywe, mimi nitamaliza."

Kisha akaegemea nyuma, akaingiza gia. Kipkirui akainuka kutoka kwenye tope, akatangulia shambani kuokota mawe mbele yake.