Nilimimina Mwenyewe Pombe Iliyouza Mlima Wetu

Wenye ukurasa huu, naomba mfiche jina langu na la mlima wetu pia, maana huku kwetu ukitaja mlima tu, watu wanajua ni wa nani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mjane mwenye watoto watatu, ninaishi si mbali na Mushaki. Ninakamua ng'ombe na kuuza maziwa na fromaji, yaani jibini, kando ya barabara ya Sake. Nimechoka, tena sana. Ninaandika nikiwa nimekalia bidoni ya maziwa, mtanisamehe makosa.

Tangu tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi wa vita, watu wa Goma wenye uwezo wameshikwa na ugonjwa mmoja: kila mtu anataka nyumba ya kupumzikia huku juu. Wanaipenda baridi ambayo sisi tunaivalia makoti mawili. Wanasimamisha gari, wanapiga picha ng'ombe, wanasema huku ni kama Ulaya, kisha wanauliza mlima ule ni wa nani. Makomisioneri, wale madalali wa kutafuta parseli za ardhi, sokoni wamekuwa wengi kuliko wauza viazi. Jirani zangu kadhaa wameuza, na pale ng'ombe walipokuwa wanakula sasa kuna ukuta na geti. Mimi nilikuwa nawacheka.

Mume wangu alipofariki kule Muheto, shemeji zangu walinifukuza kwa adabu, na baba akanipokea na watoto wangu. Alisema mbele ya watu kwamba nitakaa pale mpaka nizeeke. Mdogo wangu wa kiume anaishi Goma, hajawahi kupenda baridi wala harufu ya ng'ombe. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka jana. Tulimzika nyuma ya zizi, alikotaka mwenyewe, ili aendelee kusikia ng'ombe wake.

Sasa sikilizeni desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Huku ardhi haiuzwi kwa karatasi peke yake. Watu wote wanaopakana nayo wanaitwa, pombe inaletwa, na wenye familia wanakunywa kwanza. Aliyekunywa amekubali. Mtoto wa nyumba akikataa kikombe, hata awe msichana, biashara inasimama.

Mdogo wangu alinipigia simu akasema, "Dada, siku ya posho tutatosha matanga ya mama. Wageni wa Goma wako wanakuya. Utayarishe." Nililia kwa furaha kwamba Jumamosi hiyo tutaondoa matanga ya mama. Nilifikiri amekua. Nilipika viazi na maharagwe, nikakopa viti kanisani. Yeye alileta pombe ya ndizi, kasiksi, akaniomba niimimine mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Kati ya wageni alikuwepo mama mmoja mwenye viatu safi sana, aliyezunguka nyumba akiangalia bonde. Nilidhani ni rafiki wa mdogo wangu. Tuliombea roho ya mama. Kisha nikanywa wa kwanza, nikawapitishia jirani wa mipaka yote, nikamhudumia na yule mama kwa mikono miwili. Nilimwambia karibu nyumbani.

Jumatatu walikuja mafundi kuchimba msingi pale ninapofungia ndama. Nilikimbia kwa papa mmoja, mzee tunayepakana naye upande wa chini, nikamuuliza kama amesikia wazimu huu. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, si njo weye ulitupatia pombe? Mudogo wako alituambia ni kazi mbili, matanga na mulima. Ulikunywa wa kwanza. Sisi tulijua munapatana."

Nilikaa chini kwenye majani. Nilipompigia mdogo wangu, hakukana hata kidogo.

"Dada, ile mulima iko inatusaidia nini? Utabakia palepale, utachunga nyumba ya ule mama, na maziwa utamuuzia. Uko unapoteza nini?"

Nilikata simu nikaenda kukamua, maana ng'ombe hawajui matatizo ya watu.

Huyo mama aliyenunua si mtu mbaya, na hilo linaniumiza zaidi. Ameahidi hatagusa kaburi, ataliwekea maua. Anadhani nilikubali. Ameniahidi chumba kidogo karibu na geti, mimi na watoto. Kwa hiyo nitakuwa mlinzi wa mlima nilioachiwa na baba, nikifungua geti wageni wakija kupumzika.

Nilimwendea mkuu wa kijiji. Akaniambia njia iko, lakini ni moja. Niwaite watu walewale, nisimame mbele yao niseme nilidanganywa, nimwage pombe chini. Mlima utarudi. Ila mdogo wangu atakuwa mtu aliyefanya biashara katika matanga ya mama yake, na huku mtu wa namna hiyo hakuna anayekula naye tena, hata arusi ya watoto wake hawatakwenda. Na matanga yenyewe yatahesabika hayajaondolewa, maana pombe ilikuwa ileile. Mama yangu atarudi kuwa maiti wa jana, tuanze upya kulia. Na huyo mdogo wangu nilimbeba mgongoni tulipokuwa tunakimbia vita, mama akiwa amebeba godoro.

Nikinyamaza, wanangu watakulia kwenye chumba cha geti. Nikisema, sitakuwa na ndugu.

Jana yule mama mnunuzi alinipigia, kwa sauti nzuri kabisa. Jumapili wanaweka jiwe la kwanza. Jirani wote wa mipaka wamealikwa, mdogo wangu pia atakuwepo. Akasema siku ile nilimhudumia vizuri sana, kwa hiyo anaomba nimimine tena mimi.

Ninyi mnaosoma mko wengi, na wengine mmepitia mambo. Hicho kikombe cha kwanza kitakuwa mkononi mwangu. Niambieni kabla ya Jumapili: ninywe, ama nimwage?