Nyumba ya Mama Chiriku

Tangu bunduki ziliponyamaza, kazi ya fundi ni kuhukumu nyumba za watu. Anagonga ukuta kwa nyundo, anasikiliza, kisha anapaka alama: kijani ikarabatiwe, nyekundu ibomolewe. Mtaa mzima umejaa nyekundu. Wakubwa wanapita wakikadiria gharama za kuijenga nchi upya. Nchi ipi tena, jamani?

Imebaki nyumba moja, ya mama yake. Ameikwepa kwa visingizio, lakini mvua zinakaribia na nguzo ya katikati imepasuka hadi ngumi inaingia. Ikinyesha sawasawa, mama atafukiwa kitandani.

"Unaigonga kama tikiti!" mama alifoka kutoka jikoni. "Umezaliwa humu wewe!"

"Hama, mama. Kwangu chumba kipo."

"Kwako, kwa yule mkeo anayepika chai kama maji ya kuoshea vyombo? Thubutu!"

Fundi alicheka.

"Na Chiriku je?" mama akauliza. "Akirudi akakuta kifusi, atanitafuta wapi?"

Chiriku ni kitindamimba wake, aliyepewa jina hilo kwa domo lake. Alitoka kutafuta maji siku mji ulipopigwa mabomu, hakurudi. Tangu hapo mlango wa mama hautiwi komeo.

Fundi alijua. Yeye na wenzake walipokagua ghala la unga, walifukua watu chini ya zege, na mmoja alivaa fulana yenye kiraka begani, kazi ya mkono wa mama. Alimzika mdogo wake mwenyewe, akarudi, akala chakula cha mama, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanye nini anayeficha kifo chenyewe.

Akaitazama tena ile nguzo.

"Mama, Chiriku harudi. Nilimzika mimi."

Akangoja kilio, matusi, hata mwiko wa kichwa. Angeshukuru. Mama alizima jiko.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Walikuwa wengi."

"Afadhali."

Akaanza kukunja shuka. Hakumtaja mkwewe, hakuuliza kitu. Fundi alimwomba Mungu mama abishe, walau kidogo. Wapi! Mwanamke aliyebishana hata na redio alimfuata mwanawe kimya, na kila kona ya mtaa alioishi maisha yake yote alisimama akauliza, "Nipite wapi, baba?"