Vidonge vya Mwezi wa Mfungo

Farmasi yangu iko Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi na magereji yasiyohesabika. Mimi ni Mkristo, mtoto wa wakimbizi kutoka Kongo, lakini Ramadhani naijua vizuri: mchana kaunta inalala, na baada ya futari wateja wanakuja wote kwa pamoja, kila mmoja na haraka zake.

Mwaka juzi, katika mwezi huo, jirani yangu fundi wa magari alianguka asubuhi akiwa ameinamia injini. Ni mzee wa heshima, mgonjwa wa kisukari, mteja wangu tangu nifungue. Wenzake walimbeba mpaka kwangu. Nilimpima, sukari ilikuwa chini mno. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari. Alipopata nguvu nilimuuliza jana alimeza nini.

"Vyote, dokta. Cha asubuhi, cha muchana na cha mangaribi. Mi nafunga, basi nikavimeza vyote pamoja wakati wa kufuturu. Sikuacha hata kimoja."

Alisema kwa fahari. Kwenye boksi palikuwa pameandikwa mara tatu kwa siku, naye alikuwa ametii. Ningemgombezaje?

Hasira ikanipeleka chuoni nilikosomea. Kila mwaka walikuwa wakiniletea wanafunzi wa staji, yaani mafunzo ya kazini. Mwanafunzi anakuja na koti jeupe lililopigwa pasi, anapanga makopo, anafuta vumbi, anaondoka na saini yangu. Basi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuja kuona wanajifunza nini. Nilimkuta mwalimu wangu wa zamani, mama asiyetishwa na kelele, nikamwambia walitufundisha dawa inavyosafiri ndani ya damu, lakini hawakutufundisha hata siku moja kuzungumza na mtu anayefunga.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Basi kuja uwafundishe."

"Apana, mama. Nyinyi ndio mukuje. Wagonjwa hawako hapa."

Nilidhani nimemuudhi. Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, alitokea mlangoni na wanafunzi wake, kipimo cha sukari cha chuo, na sharti moja: kazi ya kaunta itaingia kwenye mitihani yao, na alama nitatoa mimi. Nilijivuna, sitaficha.

Siku za kwanza ilikuwa balaa. Walimsomesha muuza samaki kwa Kifaransa cha darasani, naye akawatazama tu kwa huruma. Mwalimu alisimama nyuma yao amekunja mikono, akiingilia pale tu walipokwama. Wateja wakipungua, tulikaa juu ya makatoni tukarudia mazungumzo yale yale mpaka yakawa ya kibinadamu. Utakula nini wakati wa daku? Vidonge utameza saa ngapi? Dawa ikihitaji kubadilishwa, tulimpigia simu daktari wa kituo cha afya. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na watu wa kushauriana nao nyuma ya kaunta ile. Sikujua kama nilikuwa mpweke kiasi hicho.

Mzee fundi alikuwa mgumu kuliko wote. Daktari alikuwa amemshauri asifunge kabisa.

"Mi nafunga tangu niko mutoto," alisema. "Nikiacha, batu watasema nini?"

Mwanafunzi mmoja wa kike, Mwislamu naye, hakubishana. "Mzee, unaogopa Mungu atakasirika, ao unaogopa batu?"

Nilitaka kumziba mdomo. Mzee akacheka. "Batu, binti yangu. Mungu anajua mi ni mugonjwa."

Wakaelewana: atafunga, lakini kwa masharti. Daktari alipunguza vidonge na kupanga upya saa zake. Kila siku baada ya adhuhuri mzee angekuja kupimwa, na sukari ikishuka angefungua saumu siku hiyo hiyo. Alikubali. Mimi sikumwamini hata kidogo.

Ramadhani ikaingia, wanafunzi wakarudi chuoni. Mzee alikuja kila siku, akapimwa, akaenda zake. Halafu siku moja aliingia anatokwa jasho, mikono inatetemeka. Nikapima. Ilikuwa imeshuka. Nikamfungulia soda, nikamnyooshea.

Hakuipokea. Alikuwa anatazama nje, ambako watu walikuwa wanatoka msikitini, wengi wao wakimjua tangu utotoni. Niliogopa kweli. Kupiga kelele naweza. Badala yake nikaenda mlangoni, nikawaomba radhi wateja waliokuwa barazani, nikateremsha mlango wa chuma mchana kweupe.

Ndani kukawa giza. Mzee alishika chupa kwa mikono miwili, lakini bado hakunywa.

"Dokta, kunywa na wewe," alisema. "Nisikunywe peke yangu."

Nikafungua ya pili. Akasema bismillahi, tukanywa, na huko nje wateja wakaanza kugonga.