Ekari Mbili na Nusu za Mpira

Nilikuwa golikipa wa kwanza wa timu ya Juhudi, na wale wanaopenda kukumbusha kwamba nilifungwa mabao kumi na moja katika mechi moja nawaomba wakumbuke pia kwamba jua lilikuwa machoni mwangu. Vipindi vyote viwili. Lakini leo sizungumzi habari zangu. Nazungumza habari za Josepha, katibu wetu, mwanamke ambaye hakuwahi kuupiga mpira hata teke moja, na ambaye kama si yeye pale uwanjani pangekuwa na tumbaku mpaka leo.

Kijiji cha Juhudi kilizaliwa mwaka 1974, kwa amri. Kabla ya hapo palikuwa pori tupu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Malori yalituchukua, wengine kutoka Ipole, wengine kutoka Ziba, yakatushusha kwenye mistari iliyonyooshwa kwa kamba, nyumba hapa, nyumba pale, tukaambiwa sasa sisi ni ndugu. Hatukuwa ndugu. Watu wa Ziba walituona sisi wa Ipole wachawi kwa sababu ya nyuki wetu, nasi tuliwaona wao wezi kwa sababu ya ng'ombe wao. Asubuhi tulisalimiana kwa kukohoa.

Josepha aliletwa na lori la mwisho pamoja na mumewe Masolwa, ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua tangu huko walikotoka. Mwezi wa pili tangu wafike, Masolwa akafariki. Kwetu kaburi huchimbwa na ndugu na majirani, na Josepha ndugu hakuwa nao, na majirani ndio hao wa kukohoa. Alikaa mlangoni asubuhi nzima akitazama njia. Alikuja kuniambia baadaye kwamba kufiwa alikuwa amekutarajia, ila hakutarajia kukosa hata mtu wa kushika jembe, na kwamba aibu ile ilimuuma kuliko msiba.

Basi tukaanza kutokea mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake, kila mtu akidhani atakuwa peke yake. Tulipohesabiana tulikuwa kumi na mmoja. Tulichimba bila kusemezana, tukazika, na tulipomaliza hakuna aliyejua namna ya kuaga. Ndipo Dionis, fundi baiskeli kutoka Ziba, akalipiga teke tonga lililokuwa limeanguka pale, lile tunda la porini gumu kama jiwe. Alilipiga kwa huzuni tu, nafikiri. Likanijia usawa wa tumbo, nikalidaka. Hivyo ndivyo timu ilivyoanzishwa, na sijui kama niliwahi kudaka vizuri namna ile tena.

Uwanja ulikuwa hapo hapo, maana ndipo palipokuwa tambarare. Kaburi la Masolwa likabaki nyuma ya goli la kaskazini, hatua kumi. Tukahitaji miti ya magoli, Josepha akasema twende tukakate kwenye ua wa nyumba yake ya zamani, kule alikohamishwa, ambao hauna tena mtu wa kumzungushia. Tukakata sita mibichi: minne ya kusimamisha, miwili ya kulaza juu. Mpira wenyewe tulipewa na Nasor, mfanyabiashara wa Tabora mjini, ambaye mababu zake walifungua duka pale enzi za misafara. Tulikwenda kuuchukua kwa miguu na kurudi nao kwa miguu, tukipokezana kuubeba kichwani. Nasor alitusindikiza hadi barazani akasema babu yake aliona wapagazi wengi wakipita na mizigo yao, lakini hakuona watu kumi na mmoja wakibeba mzigo mmoja.

Timu ilikuwa ya kijiji kizima. Hilo tulikubaliana kwenye mkutano, na ndilo lililotuponza. Kwa kuwa timu ni ya wote, kikosi kilichaguliwa kwa kunyoosha mikono. Kubadilisha mchezaji kulihitaji akidi. Mechi ya kwanza, dhidi ya wafanyakazi wa stesheni ya Igalula, tulipata penalti, na mjadala wa nani aipige ukachukua muda mrefu hata mwamuzi akaenda kunywa uji akarudi. Aliyechaguliwa alikuwa Bibi Amne, mkunga wetu, kwa kura nyingi sana. Alikosa, lakini hakuna aliyethubutu kumlaumu, maana kila mmoja alikuwa na mtoto anayesubiri kuzaliwa mikononi mwake.

Wale wa Igalula nao walikuwa na matatizo yao. Treni ikipiga honi kwa mbali ilikuwa lazima wakimbie stesheni kuipokea, na walikimbia kweli, wote kumi na mmoja na mwamuzi wao. Siku ile walikuwa wametufunga kumi na moja honi ilipolia. Tukabaki peke yetu uwanjani, tukapasiana vizuri sana, tukafunga moja.

Josepha alikuwa katibu kwa sababu ya mwandiko wake. Alisomeshwa na masista, na masista walimwachia vitu viwili: herufi zilizolala upande mmoja bila kutetereka, na chuki ya uongo. Hakusema uongo hata ule wa kumwambia mgeni kwamba ameshashiba. Kwa hiyo ilipokuja amri kwamba kila chama kijiandikishe, alijaza fomu kwa ukweli mtupu. Jina la chama: Chama cha Mpira cha Juhudi. Shughuli: mpira. Eneo: ekari mbili na nusu. Wanachama: kijiji chote. Akaituma kwenye ofisi moja mjini ambayo sitaitaja, maana walikuwa watu wema waliochoka.

Baada ya mvua ikaja barua. Ofisi ilifurahi kusikia kwamba Juhudi wameitikia wito, ikauliza mpira umeanza kukomaa au bado. Josepha alituita akatusomea. Tuliona ni swali la heshima kutoka kwa watu wanaoujua mchezo. Akajibu: "Bado haujakomaa, hasa upande wa beki ya kushoto. Msimu huu tumepata moja, tumepoteza kumi na moja."

Wakajibu: "Poleni kwa hasara. Hakikisheni mpira unapigwa dawa kabla ya msimu ujao."

Hapo kijiji kilisimama. Kila mtu anajua kwamba timu hupiga dawa, na kila mtu anajua kwamba jambo hilo halitamkwi, na sasa serikali yenyewe imelitamka, kwa mashine ya chapa na muhuri. Josepha, Mkatoliki, alikunja uso siku tatu. Lakini agizo ni agizo. Tukamleta mfumu mmoja, mganga wa kwetu kutoka Ipole, akauzungushia mpira moshi, akaulaza usiku mmoja kwenye mzinga wa nyuki, na asubuhi tukautoa ukiwa unanata asali na nyuki wawili wakali. Tulicheza nao dhidi ya Igalula. Nilifungwa sita, na mkono wa kushoto ukavimba. Josepha aliandika: "Mpira umepigwa dawa kama mlivyoagiza. Haikusaidia sana." Wao wakatuletea debe la unga mweupe na maelekezo ya kunyunyiza kwenye majani.

Tungeendelea hivyo miaka, nadhani, kama si Mwenyekiti Ngollo. Ngollo alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mchapakazi asiyecheka, na alitaka shamba la pamoja la tumbaku pale pale uwanjani, kwa sababu ni tambarare na barabara iko karibu. Trekta lilikuwa limeshaahidiwa. Aliomba ruhusa ofisini, akajibiwa kwamba eneo hilo haliguswi, kwani lina zao la mpira linalofuatiliwa kwa karibu.

Ndipo tulipoelewa. Tulicheka mpaka Dionis akashikwa na kwikwi. Josepha hakucheka. Alikaa na ile barua mapajani akiwa kama mtu aliyegundua amevaa kanga ya mwenzake tangu asubuhi.

"Lazima niwaandikie," alisema. "Wamedanganyika."

"Hukuwadanganya, Mama Katibu," nikamwambia. "Umeandika mpira."

"Nimeandika mpira, wao wamesoma mpira. Sasa nimejua, na nikinyamaza ni uongo."

"Na trekta likija?"

Wote tulijua trekta likija litaanzia wapi. Kaburi la Masolwa lilikuwa tuta tu la udongo na msalaba wa fito, na dereva wa trekta hahesabu hatua kumi. Siku zile nilimwona Josepha akienda pale kila jioni, akisimama, akirudi, karatasi haijaandikwa. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Nilitaka aseme uongo mmoja tu, mdogo, aumalize, kama watu wote.

Ngollo hakusubiri. Aliandika mwenyewe kwamba mpira huo ni wa miguu. Ofisi ikajibu kwamba itamtuma mkaguzi, na kama zao halipo, trekta lianze wiki hiyo hiyo.

Mkaguzi alikuja siku ya mazoezi, kwa Land Rover, mtu mnene mpole mwenye kofia ya jua. Alishuka, akatazama uwanja, akatembea moja kwa moja hadi goli la kaskazini. Hapo lazima niseme jambo ambalo sisi tulikuwa tumelizoea hata hatulioni. Ua wa Josepha ulikuwa wa milumba, miti ya jamii ya mikuyu, na mlumba ukiuchomeka mbichi ardhini hauna habari kwamba umekatwa. Magoli yetu yalikuwa yameota. Msimu wa pili yalitoa majani, wa tatu yakatoa matawi, na mimi nilikuwa nadaka chini ya kivuli na kuyashukuru, maana mashuti mengi yaliishia kwenye majani.

Mkaguzi alitoa kisu, akachanja gome. Ukatoka utomvu mweupe kama maziwa.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "umeandika hapa hakuna mpira."

"Hayo ni magoli," Ngollo akasema.

"Magoli." Mkaguzi akaandika. "Hiyo ni aina ya kigeni?"

Sisi tukatazama chini. Mkaguzi akamgeukia Josepha, akavua kofia kidogo.

"Ndugu Katibu, barua zako nimezisoma zote. Ofisi nzima hakuna anayeandika hasara zake wazi kama wewe. Nikuulize wewe tu. Huu ni mpira?"

Josepha alitazama nyuma ya goli, pale kwenye tuta. Neno lilikuwa moja, dogo, na alikuwa ameshalipewa mdomoni, alibakiza kulitema.

"Hapana, Ndugu Mkaguzi," alisema. "Hii ni milumba. Mpira ni ule, uko kwapani mwa Wenceslaus."

Wenceslaus ndiye mimi. Nilitoa mpira kwapani nikampa. Mkaguzi akaugeuza geuza, akaubonyeza, akaunusa. Bado ulikuwa na harufu ya asali. Alirudia kuubonyeza mpaka Ngollo akaanza kutabasamu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Fomu yangu ina maswali manne," mkaguzi alisema hatimaye. "Haina swali la tano. Mpira upo?"

"Upo."

"Unatunzwa?"

"Unapakwa mafuta ya kondoo kila Jumamosi."

"Miti mingapi imepandwa?"

"Minne. Mingine miwili imelazwa juu, nayo naona inaota, lakini hatukuipanda."

"Mpira huu umekinufaisha nini kijiji?"

Josepha akaomba kalamu, akaandika mwenyewe, akiegemeza fomu kwenye mti wa goli, kwa zile herufi zake za kulala. Alichukua muda. Mkaguzi alipokea fomu, akasoma, akatazama tuta na msalaba wa fito, kisha akasoma tena kwa sauti, taratibu:

"Ulinipatia watu wa kumzika mume wangu."

Akaikunja fomu akaitia mfukoni. Alimwambia Ngollo kwamba trekta litafute mahali pengine, mpira hapa umeshashika mizizi. Ngollo alitaka kuuliza upi, nikaona akihesabu watu waliosimama pale, akaacha. Mwaka uliofuata alichaguliwa winga wa kulia kwa kura nyingi, na hakuwa mbaya.

Josepha aliendelea kuandika ripoti kila msimu, na ofisi iliendelea kumpa pole. Alifariki mwaka 1983, wakati wa kiangazi, siku ambayo tulikuwa tucheze na Igalula. Kati ya wale kumi na mmoja wa mwanzo tulikuwa tumebaki saba. Tulichukua majembe tukaenda nyuma ya goli la kaskazini, kando ya Masolwa, chini ya matawi. Hatukumwita mtu. Wale wa Igalula walifika wakiwa wamevaa jezi tayari, wakatukuta tunachimba, na wanne wao wakaingia shimoni wakashika majembe bila kuulizwa.

Tulipofika kiunoni treni ikapiga honi, ile ya mchana. Sisi wa Juhudi tukasogea pembeni kuwapisha, kama tulivyozoea. Honi ikalia mara ya pili. Wakaendelea kuchimba.